Mwiko Usiosimama

Mheshimiwa Afisa, barua yako imefika juzi
kwa pikipiki ya mnunuzi wa tumbaku,
imekunjwa mara nne, inanuka petroli.
Inasema: hongereni, taarifa inaonyesha
wanafunzi wote mia nne na kumi na wawili
wanakunywa uji, hivyo fungu la nyongeza
litapelekwa kwenye uhitaji zaidi.

Niliisoma stoo, nimekalia gunia.
Gunia lilikuwa tupu. Kusema kweli
nilikaa chini.

Naomba nikueleze habari ya mwiko.

Mwezi wa pili wazazi walitoa walichonacho:
huyu debe, huyu nusu debe, huyu kisado cha michembe.
Mzee Lugendo alileta asali, akasema
ni nyuki peke yao waliomlipa mwaka huu.
Wengine tumbaku yao ilikataliwa sokoni,
jani lina doa, wakaambiwa,
na doa la jani likahamia kwenye daftari langu,
mbele ya majina ya watoto wao.
Niliyeweka alama ni mimi. Kwa kalamu nyekundu.
Wenye alama walikaa upande wa tangi bovu
wenzao wakinywa,
wakijifanya wanamtazama mjusi.

Msabila wa darasa la tatu hakujifanya.
Alihesabu kata kwa sauti,
moja, mbili, kumi na nane,
yeye ambaye asubuhi ile ile ubaoni
alikwama kwenye saba.

Kalunde mpishi alimsikia hadi sitini na tisa.
Akaweka kata chini. Hakuniuliza.
Akabeba ndoo mbili za maji, akamimina sufuriani,
akakoroga,
akaita: "Wote!"

Tangu siku hiyo wote wanakunywa.
Ukiinamia kikombe cha Kalunde
unaliona pengo la jino lako.
Mkaguzi alipokuja alihesabu vikombe,
akaandika: wote. Hakukosea.
Huruma ya mwanamke mmoja
ikasomeka huko kwenu kama shibe.

Najua mnagawa kichwa kwa kichwa,
shilingi sawa kwa kila mtoto,
wa kwetu na wa Tabora mjini.
Lakini shilingi hutoka huko ikiwa nzima,
ikalipa lori mpaka Urambo,
ikalipa pikipiki mpaka kwetu,
ikalipa maji ya punda tangu Juni hadi mvua,
ikalipa mashine ya kusaga, kilomita kumi na moja
kwenda, na kumi na moja kurudi,
hata ikifika jikoni imekonda kuliko Msabila.
Mizani yenu haina kosa.
Kosa liko njiani.

Mwaka jana niliitwa mjini kusimamia mtihani.
Saa nne nikachungulia jiko la shule ile.
Bomba ukutani. Mpishi ameketi, anachambua maharage.
Na mwiko, mheshimiwa, umesimama wenyewe
katikati ya sufuria
kama mlingoti wa bendera.
Nusura niupigie saluti.

Sikuwaonea wivu watoto wale. Au niliwaonea,
kidogo, njia nzima ya kurudi.
Wanastahili mwiko wao.
Wetu ukiuachia unazama,
na Kalunde anaupapasa kwa kisu
kama mtu anayetafuta pete kisimani.

Umeniomba nitume orodha mpya ya wasiochangia.
Sitaituma. Daftari nililichana,
Kalunde akawashia moto; kuni zilikuwa mbichi.
Badala yake pokea hii chupa ya uji
niliyoifunga kwa mfuko wa rambo.
Ukutane nayo mezani, kabla ya chai yenu.
Usihesabu kitu. Itikise tu,
uiweke sikioni,
usikie inavyolia.

Kisha andika unachosikia
kwenye ile safu mliyoandika "wote".

Chupa ni ya Msabila.
Anaiulizia tangu asubuhi.
Naomba irudi.